Wino wa kadi unafutika, kidole hakibadiliki: nani anachunga alama za Wakongomani?

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, mtu hatoki nyumbani bila "karte". Mama muuzaji wa soko la Virunga, mjini Goma, anaifunga kwenye pindo la kitenge pamoja na pesa za mtaji. Motari anaiweka nyuma ya simu, ndani ya nailoni, ili mvua isiiharibu. Kwenye kizuizi barabarani inaombwa. Kwenye kibanda cha kutolea pesa za simu inaombwa. Kununua laini ya simu, kufungua konti benki, kulala hoteli, kuomba ruhusa ya kuvuka mpaka: kila mahali neno ni moja, toa karte.

Kadi hiyo, kwa kweli, si kitambulisho cha taifa. Ni kadi ya uchaguzi, ambayo serikali inaikubali kama kitambulisho cha muda. "Muda" huo ulianza mwaka 2005, na mpaka leo haujaisha. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa ni wachaguzi, na wao pia wanatembea na kadi ya muda.

Kile ambacho wengi hawakifikirii ni kwamba kadi ni sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe. Siku mtu alipokaa mbele ya mashini ya kuandikisha, alitoa jina lake, majina ya baba na mama, mahali alipozaliwa, asili yake na anwani yake. Halafu alibonyeza vidole kwenye kioo na kupigwa picha ya uso. Kadi alirudi nayo nyumbani. Alama za vidole zilibaki.

Sasa nchi inangojea kadi mpya ya taifa, ya kibiometria, kwa raia wote. Wengi wanaitamani, na wana haki. Lakini kabla ya kurudisha vidole kwenye kioo, kuna swali ambalo wakaaji wa mashariki wana sababu ya kuliuliza kuliko wengine wote: alama hizo zinakaa wapi, na mji ukibadilisha mikono, zinabaki kwa nani?

Miaka 20 ya kuandikishwa

Kongo ilianza kuchukua alama za vidole za raia wote wenye umri wa kuchagua mwaka 2005, wakati tume ya uchaguzi ilipoongozwa na padri Apollinaire Malu Malu, mtoto wa Kivu ya Kaskazini. Watu zaidi ya milioni 25 waliandikishwa kwa ajili ya uchaguzi wa 2006. Mwaka 2011 walikuwa milioni 32. Kwa uchaguzi wa 2018 walifika milioni 40, na kwa ule wa 2023 karibu milioni 44.

Sababu ilikuwa nzuri. Nchi ilifanya hesabu ya watu mara ya mwisho mwaka 1984. Watoto wengi wanazaliwa bila kuandikwa katika ofisi ya hali ya raia, na vita viliteketeza madaftari mengi. Bila makaratasi ya kuaminika, kidole ndicho kilichobaki cha kuzuia mtu mmoja kujiandikisha mara mbili ao tatu. Na kilisaidia: kabla ya uchaguzi wa 2018, CENI iliondoa kwenye fishie ya wachaguzi majina zaidi ya milioni 5 yaliyojirudia.

Lakini kazi hiyo hiyo ilionyesha pia upungufu. Mwaka 2018, wakaguzi wa shirika la nchi zinazotumia Kifaransa, OIF, walipima fishie hiyo na kukuta kwamba asilimia 16.6 ya waliokuwemo hawakuwa na alama za vidole. Upinzani ulipiga kelele, CENI ikajitetea, uchaguzi ukafanyika. Kisha ikaja kadi ya 2023. Katika miezi michache tu, wino ulianza kufutika. Picha ikawa kivuli, jina halisomeki, na watu wakarudi kwenye foleni kuomba kadi ya pili.

Kwa wakaaji wengi wa Masisi na Rutshuru, hata kadi hiyo ya kufutika haikupatikana. Sehemu kubwa za wilaya hizo mbili hazikuandikishwa kwa sababu ya vita, na hazikupiga kura Desemba 2023.

Kadi ya taifa nayo ina historia yake. Ofisi ya taifa ya kutambulisha watu, ONIP, iliundwa mwaka 2011. Miaka 12 baadaye, tarehe 30 Juni 2023, Rais Félix Tshisekedi alipewa mjini Kinshasa kadi ya kwanza. Raia wa kawaida waliendelea kungoja. Mwaka 2024 serikali ilivunja mkataba na kampuni iliyopaswa kufanya kazi hiyo, baada ya mabishano makubwa juu ya bei.

Namna mashini inavyokumbuka kidole

Mashini inapochukua kidole, inapiga picha ya mistari ya ngozi, inatafuta mahali mistari inapokatika na inapogawanyika, halafu inageuza hayo yote kuwa namba. Namba hizo zinaweza kutumiwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuuliza: huyu aliye mbele yangu ndiye mwenye kadi hii? Kwa swali hilo, alama zinaweza kuwekwa ndani ya kadi yenyewe, katika kipande kidogo cha elektroniki, na mashini inalinganisha kidole na kadi tu. Mwenye kadi anatembea na alama zake mfukoni.

Njia ya pili ni kuuliza: huyu ni nani kati ya watu wote? Hapo inahitajika fishie kuu yenye vidole vya kila mtu. Ndiyo njia inayogundua aliyejiandikisha mara mbili. Ndiyo pia inayomwezesha anayeshika fishie kumtambua mtu yeyote, hata asiye na kadi, hata aliyebadilisha jina kwa kuogopa maisha yake.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini hatari yote iko humo. Mtu akiibiwa namba ya siri ya simu, anaibadilisha siku ile ile. Akipoteza kadi, anaenda komine kuchukua cheti cha kupoteza makaratasi. Akiibiwa alama za vidole, hana vidole vingine.

Na zinaibwa, hata kwa wenye nguvu. Mwaka 2015 Marekani ilikiri kwamba wezi wa mtandao walichukua alama za vidole za watu milioni 5.6 waliofanya ao walioomba kazi serikalini. Mwaka 2008, kikundi cha wataalamu wa kompyuta nchini Ujerumani kilichukua alama ya kidole cha waziri wa mambo ya ndani, Wolfgang Schäuble, kwenye glasi aliyonywea maji, na kuitangaza kwa watu wote. Walitaka kumwonyesha waziri, aliyekuwa akisifu pasipoti za vidole, kwamba kidole si siri: tunakiacha kila mahali tunapogusa.

Mji ukianguka, kompyuta hazikimbii

Mwisho wa Januari 2025, waasi wa AFC/M23 waliingia Goma. Katikati ya Februari waliingia Bukavu. Katika siku hizo watu walikimbia na watoto, magodoro na masufuria. Hakuna aliyekimbia na madaftari ya komine. Ofisi za serikali, makabati, kompyuta na orodha za majina vilibaki katika miji iliyopata mabwana wapya.

Hilo si jambo la kundi moja tu. Katika miaka 30 iliyopita, miji ya mashariki imepita mikononi mwa AFDL, RCD, CNDP na M23, na vijiji vimepita katika mikono mingi zaidi. Kila anayefika anataka kujua nani alikuwa askari, nani alikuwa polisi, nani alifanya kazi ya serikali, nani alilalamika katika shirika la raia. Zamani alitegemea watu wa kuonyesha kidole. Fishie ya vidole inafanya kazi hiyo bila kuchoka na bila kuhitaji shahidi.

Afghanistan iliona hilo Agosti 2021. Kwa miaka mingi, jeshi la Marekani na serikali ya Kabul walichukua alama za vidole na za macho za askari, wafanyakazi na watu waliosaidia majeshi ya kigeni. Lengo lilikuwa usalama. Taliban walipoiteka nchi, walipata baadhi ya mashini hizo za mkononi, na maelfu ya familia zikaingia hofu kwamba kilichochukuliwa ili kuwalinda kingetumiwa kuwatafuta. Aliyechoma makaratasi yake ya kazi hakuweza kuchoma macho yake.

Fishie kuu ya wachaguzi wa Kongo inashughulikiwa Kinshasa, mbali na vita. Lakini mashini za kuandikisha zinafanya kazi vijijini, orodha zinatundikwa kwenye vituo, na vifaa vinapita mikononi mwa watu wengi. Januari 2024, CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82, ikitaja miongoni mwa makosa kushika kinyume cha sheria mashini za kupigia kura. Kama mashini kubwa vile inaweza kutoka ofisini na kuingia katika nyumba ya mtu, kifaa kidogo chenye vidole vya kijiji kizima kinahitaji ulinzi gani?

Neno moja kwenye kadi

Si vidole pekee vinavyostahili kuogopesha. Kadi ya uchaguzi ya Kongo inabeba pia neno "asili". Inaonyesha jimbo na wilaya ya asili ya mtu, hata kama alizaliwa Goma na hajawahi kufika kijiji cha babu yake. Kwa mkaaji wa Kinshasa hilo linaweza kuwa habari tu. Kwa msafiri anayepita vizuizi kati ya Butembo na Goma, ao kati ya Uvira na Fizi, maneno hayo mawili yanaweza kuamua kama anapita, analipa, ao anashushwa kwenye gari.

Jirani yetu alilipa bei kubwa zaidi kwa neno moja kwenye kadi. Nchini Rwanda, utawala wa Ubelgiji uliweka kabila kwenye kitambulisho katika miaka ya 1930. Serikali zilizofuata uhuru ziliacha neno hilo mahali pake. Mwaka 1994, kwenye vizuizi, kadi hiyo ilikuwa hukumu ya kifo kwa Watutsi. Kadi haikuanzisha chuki. Lakini ilirahisisha kazi ya muuaji, kwa sababu haikumlazimu kuuliza jirani. Baada ya mauaji ya kimbari, neno lile liliondolewa kwenye kadi.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa kadi mpya ya Kongo linapaswa kuwa: nini hakihitajiki kuandikwa? Jina lisilochukuliwa haliibwi.

Orodha za msaada

Wakaaji wengi wa mashariki wametoa vidole vyao mahali pengine pia: kwenye kambi. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, HCR, linaandikisha kwa alama za vidole na za macho. Shirika la chakula, PAM, lina kadi zake za kielektroniki. Mwaka 2018 nchini Uganda, ambako Wakongomani wengi wanaishi katika makambi kama Nakivale na Kyangwali, uhakiki wa kibiometria ulionyesha kwamba wakimbizi waliohesabiwa walikuwa pungufu kwa watu karibu 300,000 kuliko waliokuwa kwenye vitabu. Udanganyifu uligunduliwa, na chakula cha wenye njaa kikapata ulinzi. Faida hiyo ni ya kweli.

Lakini mwaka 2021 shirika la Human Rights Watch lilifunua habari nyingine. Wakimbizi wa Rohingya nchini Bangladesh waliandikishwa na HCR pamoja na serikali ya Bangladesh. Baadaye Bangladesh ilipeleka habari za watu wasiopungua 830,000 kwa serikali ya Myanmar, nchi ile ile waliyoikimbia. Wengi walisema hawakuelezwa vizuri. HCR ilijibu kwamba waliulizwa ridhaa yao. Mwezi Januari 2022, Msalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR, ulitangaza kwamba wezi wa mtandao waliingia katika kompyuta zenye habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na familia zao kwa sababu ya vita.

Mtu mwenye njaa hawezi kukataa. Ukiambiwa "weka kidole hapa upate unga", hiyo si ridhaa kamili. Ndiyo maana mzigo wa kulinda uko kwa anayechukua, si kwa anayetoa.

Vidole visivyosoma

Kuna hatari ya upande mwingine: mashini kukukataa. Goma imejengwa kwa mawe ya volkano. Wanaume wanaoyapasua, wamama wanaoyabeba, wakulima wa Walikale, wachimbaji wa Rubaya: ngozi ya vidole vyao imelika. Wazee pia, mistari imekuwa laini. Mashini inaweza kushindwa kuwasoma, na kama hakuna njia nyingine, mtu anakuwa mgeni katika nchi yake.

Uganda, ambako kitambulisho cha taifa kinaombwa kwa huduma nyingi, wazee na wamama wajawazito walizuiwa kupata pesa za msaada ao matibabu kwa sababu kadi haikupatikana ao habari zake zilikosewa. Mashirika yalipeleka jambo hilo mahakamani. Kwa mashariki mwa Kongo, ambako swali "wewe ni Mukongomani kweli?" limemwaga damu, mashini inayosema "hapana" kwa makosa si jambo la kiufundi tu.

Sheria ipo

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2006 inalinda maisha ya binafsi ya kila mtu. Tarehe 13 Machi 2023, nchi ilipata Kanuni ya mambo ya kidijitali. Inaweka masharti kwa anayekusanya data za watu, inampa raia haki ya kujua kinachohifadhiwa juu yake na kuomba kisahihishwe, na inapanga kuwepo kwa mamlaka ya kulinda data hizo. Kanuni bila mamlaka yenye nguvu, watu na pesa ni kama mlango bila kufuli.

Wakenya wameonyesha kwamba mahakama inaweza kusema "ngojeni". Oktoba 2021, mahakama kuu ya Nairobi iliamua kwamba kadi ya Huduma Namba ilitolewa kinyume cha sheria, kwa sababu serikali haikupima kwanza hatari zake kwa data za raia. Kupima kwanza, halafu kuandikisha: utaratibu huo unawezekana Kinshasa pia, kabla mkataba mpya haujatiwa sahihi.

Raia na wabunge wao wana maswali machache ya kuuliza, na yote yanaeleweka bila kuwa mtaalamu. Data gani zitachukuliwa, na kwa nini asili iwemo? Alama zitakaa ndani ya kadi ao katika fishie kuu? Kampuni ya kigeni itabaki na nakala? Nani atakuwa na ruhusa ya kutafuta jina, na je, kila utafutaji utaandikwa? Asiyesomeka vidole atahudumiwa vipi? Na swali la mashariki: siku ofisi ya Beni, Uvira ao Bunia inapotishwa na vita, nani ana amri na njia ya kufuta kilicho ndani ya mashini kabla mtu mwingine hajakifungua?

Kwa sasa

Wakati majibu yanangojewa, kuna mambo madogo ambayo mwenye karte anaweza kuyafanya mwenyewe. Fotokopi isiachwe kwa mpiga kopi, hata iliyoharibika. Juu ya kila nakala inayotolewa, aandike kwa kalamu tarehe na sababu, kwa mfano "kwa ajili ya laini ya simu tu", mstari ukipita juu ya maandishi bila kuficha uso. Picha ya kadi isitumwe katika vikundi vya WhatsApp, hata kwa anayeahidi kazi ao msaada. Muuzaji wa laini akipiga picha ya kadi mara mbili, aulizwe ya pili ni ya nini, kwa sababu laini iliyoandikwa kwa jina lako ikitumiwa kwa uhalifu, ni wewe utakayetafutwa. Na kadi ikipotea, tangazo lifanywe komine mapema, ili tarehe ya cheti imlinde mwenye kadi.

Hayo hayatoshi. Mama wa soko la Virunga anaweza kufunga kadi yake vizuri kwenye kitenge, lakini fishie haiko kwenye kitenge chake. Kadi aliyopewa 2023 huenda haisomeki tena. Alama za vidole alizoziacha siku ile bado zinasomeka vizuri, na zitasomeka maisha yake yote. Aliyezichukua ndiye anayepaswa kumwambia ziko wapi.